Pombe ndiyo iliyonisomesha, sasa naogopa kurudi nyumbani

BARUA

Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 22, nipo mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Dodoma. Kwetu ni Iringa, kijijini. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, kwa hiyo naomba univumilie kama haina mpangilio.

Mama yangu anauza pombe. Si baa, ni kilabu cha kienyeji: masika ulanzi wa mianzi, kiangazi komoni ya nafaka. Baba hayupo nasi tangu nikiwa darasa la tatu. Tuko watoto watatu, na wote tumekula, tumevaa na tumesoma kwa kilabu kile. Nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kufuata ndoo za ulanzi kwa wagema kabla ya kwenda shule. Viroba, ile pombe kali ya pakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017, wateja waliongezeka kwa mama, na mwaka ule ndipo tulipotoa nyasi tukaezeka bati. Mama mwenyewe hanywi. Anaonja kwa ncha ya ulimi kujua kama umekolea, kisha anatema. Na ana masharti yake. Kuna jirani yetu mmoja mke wake alikuja kulia pale kilabuni, na tangu siku hiyo mama hakumuuzia tena yule bwana hata alipokuja na hela mkononi. Alikuwa anamwambia tu, "Nenda nyumbani, baba."

Mwaka wa kwanza sikuwa nakunywa, nilikuwa hata kwenye kwaya. Mwaka wa pili tukatoka hosteli, tukapanga gheto mtaani na wana watatu. Bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo, likiingia tunachanga, tunachukua mizinga miwili ya pombe kali, tunakaa. Waligundua nina kichwa kizuri. Wao wanaanguka, mimi ndiye ninayewabeba. Wakawa wananisifia: "Mtoto wa Iringa huyo, ulanzi ameunyonya." Sitakudanganya dada, nilifurahi. Mimi si mtu wa kuvaa wala wa kuongea sana, ila kwa hilo nilijulikana.

Sijioni kama mlevi. Nakunywa wikiendi tu. GPA yangu ni 3.6 na sina sapu hata moja, ingawa muhula uliopita nilikosa test moja kwa sababu ya kulala. Alhamisi huwa tunaanza taratibu, Ijumaa na Jumamosi ndiyo kwenyewe, Jumapili tunazimua na supu. Kuna Jumatatu moja nilikuwa na prezentesheni asubuhi, mikono ikawa inatetemeka, nikapiga bapa, ile chupa ndogo ya pombe kali, kidogo nikatulia, na alama nilipata nzuri tu.

Kilichonitisha ni cha mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa nimemuahidi mdogo wangu wa kidato cha tatu shilingi 120,000 za mahitaji yake ya bweni. Bumu lilipoingia nikamtumia 30,000, nikamwambia mama wametulipa nusu. Usiku ule ule tukakaa. Ninachokumbuka kinaishia kama saa nne. Asubuhi nimeamka sakafuni, suruali imelowa, kiatu kimoja hakionekani. Mwana mmoja akanionyesha video. Ni mimi nalia, naita jina la mama, kisha nataka kumpiga bodaboda aliyetuleta. Wote walicheka, na mimi nikacheka nao. Niliomba waifute. Sijui kama wamefuta.

Mmoja wetu pale gheto, yule ambaye hanywi sana, alinivuta pembeni akasema: "Mwambie mama yako, au nitamwambia mimi." Namba ya mama anayo, kwa sababu simu yangu iliwahi kuharibika nikatumia yake.

Sasa Februari tunafunga. Mama amepiga, anasema goti linamsumbua, ulanzi mwaka huu ni mwingi, niende nimsimamie kilabu mwezi mzima. Nikienda nitakuwa nachota pombe kwa jagi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nisipokwenda nitasema nini? Na kumwambia mama "pombe inanishinda" naona ni kama kumtukana. Pombe ndiyo iliyonisomesha. Nani anayemwambia mkulima kwamba mahindi yake yanamdhuru mwanawe? Nimefikiria niache kimya kimya, nijifungie gheto wiki nzima, Mungu anisaidie, yaishe bila mtu kujua.

Nifanyeje dada?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Na kamwene, kama wanavyosalimiana kwenu.

Nimeisoma barua yako jioni, nikairudia asubuhi. Unaniuliza mambo mawili: uende nyumbani Februari au usiende, na umwambie mama au unyamaze. Lakini kuna jambo la tatu ambalo hukuliuliza. Ulilifungia mlango mapema kwa maneno matatu, "nakunywa wikiendi tu." Niruhusu nianzie hapo, kwa sababu yale mawili yanalitegemea hilo.

Nilihesabu kwa vidole. Alhamisi mnaanza taratibu. Ijumaa. Jumamosi. Jumapili mnazimua. Na Jumatatu moja kabla ya darasa. Wikiendi yako ina siku nne, na safari moja ilifika tano. Sikuhesabu ili nikushike uongo. Naamini ulipoandika ulikuwa mkweli kabisa. Ni kwamba neno "wikiendi" limekuwa likikusaidia usihesabu.

Neno "mlevi" tuliweke kando kwanza. Kwetu wengi mlevi ni yule anayelala mtaroni, kwa hiyo ambaye hajalala mtaroni anajihesabu amepona. Wahudumu wa afya hawaulizi hivyo. Shirika la Afya Duniani lina dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, linalotumika duniani kote, na hakuna swali hata moja linalosema "je, wewe ni mlevi?" Linauliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani kwa kikao kimoja, kama mwaka huu umeshindwa kufanya jambo ulilotarajiwa kulifanya, kama umewahi kuhitaji pombe asubuhi ili uanze siku, kama umeshindwa kukumbuka ya usiku, kama umejuta, kama kuna mtu amekuonyesha wasiwasi wake. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, na mwenye 8 au zaidi hushauriwa kuzungumza na mtaalamu. Sitakupigia alama mimi. Ila tazama barua yako: test uliyokosa, bapa la Jumatatu, saa nne usiku, yule mwenzako wa gheto. Maswali mengi umeshayajibu bila kuulizwa. GPA haimo kwenye maswali yale.

Sasa ile sentensi ya Jumatatu. Uliipitisha haraka, katikati ya mambo mengine, ukaifunika na alama nzuri, lakini mimi ndipo niliposimama. Mikono kutetemeka asubuhi yaweza kuwa uchovu, njaa, hofu ya kusimama mbele za watu, au hangova ya kawaida. Yaweza pia kuwa mwili umeanza kuizoea pombe kiasi kwamba ikipungua unaidai. Kwa barua siwezi kujua ni lipi kati ya hayo. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ulikunywa, ukatulia. Mwili unajifunza somo hilo upesi sana.

Ndiyo maana mpango wako wa kujifungia wiki nzima unanitia wasiwasi, ingawa naelewa heshima iliyomo ndani yake. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe akiikata ghafla anaweza kupata zaidi ya kutetemeka: jasho, moyo kwenda mbio, kuona visivyokuwepo, hata degedege. Makali hayo mara nyingi huja ndani ya siku mbili tatu za kwanza, yaani wakati ule ule utakapokuwa umefunga mlango na simu umezima. Huenda wewe hujafika huko kabisa. Siku tatu za katikati ya wiki unazipitisha bila pombe, na hiyo ni dalili njema. Lakini kabla ya kujifungia, mwone daktari au tabibu, mwambie kiasi halisi, na ile Jumatatu usimfiche. Ikiwa tayari umeanza na dalili kama hizo zikatokea, usisubiri kupambazuke. Nenda hospitali.

Pa kwenda pako karibu. Zahanati ya chuo ni mlango wa kwanza. Na uko Dodoma, penye hospitali ya Mirembe, ile ya magonjwa ya akili. Najua utacheka au utashtuka. Tangu miaka ya 1920 hospitali ile imebeba utani wetu wote, na mtu akikosea kidogo tu anaambiwa ametoroka Mirembe. Lakini mtu huenda pale asubuhi kama mgonjwa wa nje, akazungumza na mtaalamu, akarudi chuoni mchana akala wali maharage kama wenzake. Sikuagizi uende. Nataka tu usiiondoe kwenye hesabu kwa sababu ya utani.

Kuhusu kichwa kizuri. Mgema akisifiwa unajua anachofanya. Mnywaji akisifiwa naye ana lake. Wenzako wanaanguka wewe umesimama, mkaona ni kipaji. Ukweli ni kwamba anayeanguka mapema huacha kunywa mapema. Wewe unayesimama unaendelea, na ini halijui kama umesimama au umelala, linahesabu kilevi tu. Tukihesabu nalo: mzinga wa mililita 750 wenye kilevi cha asilimia 35 una pombe halisi sawa na bia kumi za nusu lita, na chenji inabaki. Mizinga miwili kwa watu wanne, wawili kati yao wameshalala saa tatu, mmoja hanywi sana. Iliyobaki ilikwenda kwa nani? Ulanzi ambao wanakutania kwamba umeunyonya haukukuandaa kwa hilo. Ulanzi hushibisha tumbo kabla haujamaliza kazi. Mzinga haushibishi.

Na kuzima kumbukumbu si usingizi. Ulikuwa macho, unaongea, unalia, unataka kupigana, ila ubongo uliacha kuandika. Kwa hiyo kumbukumbu ya baada ya saa nne haijapotea mahali utakapoweza kuitafuta, haikuwahi kuhifadhiwa. Hilo hutokea hasa pombe nyingi inapoingia kwa kasi. Nawaomba jambo moja nyote wanne, mnywe au msinywe: aliyezima asiachwe chali. Mlazeni ubavu, mtu akae naye. Kuna wanaokufa usiku wa pombe kwa kukabwa na matapishi yao wenyewe huku wenzao wakidhani wamelala.

Nimechelewa kufika kwa mama, nawe ndiye uliyemleta.

Umeandika kwamba pombe ndiyo iliyokusomesha. Nimejaribu kuikubali sentensi hiyo, imenikataa. Katika hadithi uliyonisimulia mwenyewe namwona mwanamke anayeamka kabla ya jua, anayeonja na kutema, anayehesabu sarafu mpaka bati likapatikana. Namwona mtoto aliyebeba ndoo gizani. Pombe ilikuwa ndani ya ndoo tu. Sisemi biashara ile haina maswali. Ina maswali, na nadhani mama yako anayajua kuliko mimi na wewe. Nasema huenda deni lako si kwa pombe.

Kuna na yule jirani. Katika barua nzima ni kisa hicho tu ulichokisimulia bila mimi kuona kinahusika vipi, mpaka niliporudia kusoma. Mama yako aliacha hela mezani. Hakumtangaza yule bwana, hakumfukuza kwa matusi, alimwita "baba" akamwambia aende nyumbani. Umeniambia ukimwambia pombe inakushinda itakuwa ni kumtukana. Je, yule mke aliyekuja kulia kilabuni, mama alimwona amemtukana? Mimi mama yako simjui. Kuna wazazi ambao habari kama hii huwavunja, wengine hugeuza hasira, wengine hujilaumu mpaka wakaugua, na mwenye kilabu ana sababu ya ziada ya kujilaumu. Hatari hiyo ipo, sitaipunguza. Ila mwanamke aliyeangalia wanywaji miaka yote hiyo huenda akaiona mikono yako siku ya kwanza unapochota, kabla hujafungua mdomo.

Baba umempa sentensi moja. Sikuulizi zaidi. Kama kuna jambo la pombe katika habari yake, mwambie tabibu, kwa sababu jambo hili hutembea pia katika damu za familia. Tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba karibu nusu ya uwezekano wa mtu kupata uraibu wa pombe huhusiana na urithi. Nusu nyingine ni maisha.

Sasa Februari. Ukienda bila kusema chochote, utamsaidia mama goti lake, utakula chakula cha nyumbani, utakuwa mbali na gheto na wana. Hayo si madogo. Lakini utakuwa na jagi mkononi mwezi mzima, wateja wanaokufahamu tangu utoto watakuwa wanakununulia, na kukataa bila kutoa sababu ni kazi ngumu mahali ambapo kukataa ni dharau. Usipokwenda utabaki Dodoma, chuo kimefungwa, mtaa mkimya, mfukoni una hela kidogo na huna ratiba. Wengine upweke huo huwatuliza. Wewe je? Jumatano jioni ukiwa peke yako, huwa unafanya nini? Jibu la swali hilo litakusaidia zaidi ya maoni yangu.

Kuna na njia za katikati. Kazi ya kilabu si kuchota tu: kuna kufuata ulanzi kwa wagema alfajiri, kuna hesabu, kuna kuni na maji, kuna shamba. Unaweza kumwambia mama nusu ya jambo, kwamba "nimepumzika kunywa na nisingependa kukaa kwenye jagi," ukaona anauliza nini. Nusu ya ukweli ina hatari yake: unaweza kuizoea ukaishia hapo. Lakini kwa wengine huwa ndiyo kipande cha kwanza wanachoweza kukibeba. Ukiamua kumwambia lote, chagua saa. Isiwe kilabuni, isiwe mbele ya wateja, na isiwe kwa simu ukiwa ndani ya basi pale Mtera mtandao unakatika katikati ya sentensi.

Yule mwenzako wa gheto amekuweka kwenye kona, na sipendi vitisho. Lakini kati ya wote waliokuwepo usiku ule, ni yeye peke yake ambaye, naona, alicheka kisha akajuta. Umejaribu kumwambia, "Nipe mpaka tarehe fulani, na wewe nenda nami zahanati"? Huenda alikutishia kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kukusaidia. Na yeye aujue mzigo wake: akimpigia mama kabla yako, atakunyang'anya nafasi ya kusema kwa maneno yako.

Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi nayo ipo. Kabla hujamwaga yote pale, uliza kwanza kinachobaki siri na kinachoandikwa, kwa sababu ofisi ile hubeba ushauri na nidhamu kwa pamoja. Mtaalamu wa afya anabanwa zaidi na kiapo cha siri. Na wenzako wa kwaya ya mwaka wa kwanza? Nahisi unawakwepa usije ukageuzwa ushuhuda wa Jumapili. Wasiwasi huo nauelewa. Lakini huenda kuna mmoja tu kati yao anayejua kunyamaza.

Kuhusu wana, sitakuambia uwaache. Ni hao hao mnaogawana notisi na unga wa ugali. Jaribu tu Alhamisi moja uje na soda, uone kinachotokea: nani atakayetania, nani ataudhika kweli, na wewe mwenyewe utajisikiaje ifikapo saa tatu. Ukiona huwezi kukaa mpaka mwisho bila kumimina, hiyo nayo ni habari ya kumpelekea tabibu.

Utaniandikia tena? Iwe umekwenda au hukwenda. Na ile 90,000 ya mdogo wako wa bweni haijafika bado, nadhani. Kama kabla ya kupanda basi litaingia bumu jingine, umtumie siku ile ile, asubuhi, kabla wana hawajaanza kuchanga.